NARA kwa wanaotafuta filamu za ndege za Vita vya Pili: bure kabisa, ila ujue kutafuta

Kama unafanya utafiti wa ndege za Vita vya Pili vya Dunia na unataka zile filamu mbichi walizopiga wapiga picha wa jeshi, achana na tovuti za kuuza klipu, nenda moja kwa moja kwenye katalogi ya Nyaraka za Taifa za Marekani, yaani NARA. Naitumia muda sasa na kwa upande wa ndege za Mmarekani sijaona pa kuifikia.

Kwanza ni bure kweli, sio ile bure ya kujaribu halafu unaombwa kadi ya benki. Filamu iliyopigwa na wanajeshi wa Marekani wakiwa kazini haina hakimiliki kule kwao, kwa hiyo unaangalia, unashusha, unaweka kwenye kazi yako, basi. Kuna kampuni moja ilitaka nilipie sekunde chache tu za B-17, zile ndege kubwa za mabomu za Mmarekani, zikipaa Uingereza, nembo yao imebandikwa katikati ya picha, na rili (mkanda wa filamu) hiyohiyo nzima nikaikuta NARA ikiwa safi. Iliniuma, maana wanafunzi wangapi wanatoa hela kwa kutojua?

Utamu wenyewe uko kwenye mabaki, yaani vipande vilivyopigwa visiingie kwenye filamu iliyotoka. Chukua rili walizopiga mwongozaji wa Hollywood William Wyler na watu wake mwaka 1943 kwa ajili ya The Memphis Belle, filamu ya B-17 yenye jina hilo: filamu iliyotoka 1944 haifiki hata saa moja, ila zilizobaki ni masaa na masaa, za rangi, milimita 16, hazina sauti, na ndizo zilizosafishwa zikatengenezewa filamu ya hali halisi The Cold Blue ya 2018. Mpiga picha mmoja wa Wyler, Harold Tannenbaum, alikufa kwenye kazi hiyo ndege yake ilipotunguliwa Ufaransa. Ukilijua hilo huwezi kuzikimbiza kimbiza zile rili, unakaa unaangalia mpaka mwisho.

Sasa kutafuta ndiyo shughuli. Ukiandika B-17 peke yake yanakuja makaratasi, mapicha, kila kitu, mpaka unachoka. Tumia namba ya kundi la rekodi, 18 ni ya jeshi la anga la wakati wa vita na 342 ni ya Jeshi la Anga lililokuja baadaye ila lina za vita kibao, halafu chuja zibaki filamu tu, halafu ongeza jina la kiwanja au namba ya kikosi.

Na tafadhali usiamini maelezo kabla hujaangalia mkia wa ndege. Namba ya Memphis Belle ni 41-24485, ile 41 ikiwa ni mwaka 1941, lakini mkiani inasomeka 124485, ile 4 ya mwaka inaachwa, na pembetatu yenye herufi A ndani yake ni alama ya kundi la 91 la ndege za mabomu, lililokuwa kiwanja cha Bassingbourn, Uingereza. Ukiona B-17 imebaki na rangi ya bati, haijapakwa kijani, na maelezo yanasema 1943, shtuka, kwa sababu kuzileta bila rangi kulianza 1944.

Kasoro zipo. Rili nyingi bado hazijawekwa mtandaoni, unakuta maelezo tu na filamu yenyewe iko College Park, Maryland, na zilizopo ni nzito zinakula bando vibaya sana, bora ushushe usiku kwenye waifai ya chuo.

Halafu wanaofuatilia askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kule Burma 1944, bonde la Kabaw, walivyokuwa wanadondoshewa chakula na risasi kwa ndege, anzeni Imperial War Museums ya London, maana kazi za wapiga picha wa jeshi la Uingereza ziko huko. Maelezo yao yamenyooka kuliko ya NARA, nyingine unaangalia hapohapo bure, ila kuitumia kwenye kazi ya kuuza ni leseni ya kulipia, kwa hiyo waulizeni bei kabla hamjaanza kuhariri.