Vichaka Vifupi vya Kijani Mwaka Mzima: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Kitaluni

Vichaka vingi vinavyouzwa kama vifupi ni vichanga tu. Mche wa Murraya paniculata wenye sentimita 30 hupendeza sana kitaluni, lakini ukishashika ardhi unaweza kufika mita 3, na mwenye bustani anabaki kuukata kila mara ili abaki na umbo alilolilipia. Kwa sababu hiyo nimevipanga vichaka hivi kwa swali moja: kikikomaa bila kuguswa na mkasi, kitakuwa na ukubwa gani? Maua nimeyapa uzito baadaye.

1. Pittosporum tobira 'Nana'

Hiki ndicho ningemshauri mtu yeyote akinunue kwanza, isipokuwa anaishi penye baridi kali. Asili yake ni Japani, Korea na China. Aina ya kawaida hukua ikawa mti mdogo, kwa hiyo hakikisha lebo ina neno 'Nana'. Lisipokuwepo, huenda unauziwa mmea mwingine kabisa kwa ukubwa. Hii fupi huishia kati ya sentimita 60 na 90, ikijiviringa yenyewe kama kifuu kilichopinduliwa. Majani yake ni mazito, yanang'aa, na hustahimili upepo wa bahari wenye chumvi. Jua kali au kivuli cha nusu siku, vyote inavimudu. Mizizi ikishashika, ukame wa wiki kadhaa hauisumbui sana.

Udhaifu wake ni mwendo: hukua polepole. Anayetaka mstari uliojaa upesi anunue miche iliyokwisha kupanuka kidogo, asitegemee midogo. Pia geuza majani kabla ya kulipa, kwa kuwa wadudu gamba hujibanza upande wa chini na kwenye vijiti, wakionekana kama vidoa vigumu vya kahawia au vyeupe. Ukiwaona kwenye mche mmoja, acha na majirani zake wote. Udongo unaotuamisha maji nao huiua, kwani mizizi huoza.

2. Iksora fupi

Kwa maua, hakuna kwenye orodha hii kinachoishinda. Vishada vyekundu, vya chungwa au vya njano hutoka kwa miezi mingi ya mwaka penye joto, na aina fupi hubaki chini ya mita 1 kwa matunzo madogo.

Nimeinyima nafasi ya kwanza kwa sababu ya udongo. Iksora inataka udongo wenye tindikali kidogo. Ukiipanda kando ya ukuta au njia ya saruji, chokaa inayochujika taratibu huufanya mmea ushindwe kufyonza madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Dalili ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na hali ikazidi kuwa mbaya. Dawa ni mbolea ya madini ya chuma ya aina inayofyonzwa kwa urahisi, pamoja na mboji nyingi. Kama sehemu pekee uliyonayo iko kando ya saruji, ipande kwenye chungu. Baridi ya kugandisha huiunguza, kwa hiyo ni mmea wa nchi zenye joto.

3. Carissa macrocarpa fupi

Huyu ni ndugu wa mtandamboo, mwenye asili ya pwani ya kusini mwa Afrika. Maua meupe yana harufu tamu, na matunda mekundu yaliyoiva vizuri huliwa. Sehemu nyingine za mmea, zenye utomvu mweupe, hazifai kuliwa. Kwa chumvi na ukame, anashindana na wa kwanza. Tatizo ni miiba yake yenye ncha mbili. Tafuta 'Boxwood Beauty', ambayo haina miiba na hubaki karibu sentimita 60. 'Green Carpet' hutambaa zaidi kuliko kupanda juu, na inafaa kufunika mteremko.

4. Ilex crenata 'Helleri'

Penye theluji, hiki kinapanda hadi nafasi ya kwanza. Majani ni madogo, umbo ni la duara lililobonyea. Hakipendi chokaa wala udongo mkavu.

5. Buxus sempervirens

Kwa karne nyingi hiki ndicho kilichokuwa chaguo la bustani rasmi za Ulaya, na uzuri wake haupingiki. Lakini ugonjwa wa kuvu ulioonekana Uingereza katikati ya miaka ya 1990 huangusha majani yake kwa kasi, na nondo aitwaye Cydalima perspectalis, mwenye asili ya Asia Mashariki, alitambuliwa Ujerumani mwaka 2007 na kuenea. Viwavi wake huweza kuula mmea hadi vijiti vitupu. Mahali ambapo matatizo haya yapo, sinunui. Wauzaji wakati mwingine hukichanganya na Ilex crenata: angalia majani. Ya Buxus hutoka mawili mawili yakikabiliana, ya Ilex hupishana kwenye kijiti.

Ninachokishusha mkiani ni Nerium oleander, hata zile fupi. Sehemu zake zote zina sumu inayoathiri moyo, na moshi wa matawi yake yakichomwa ni hatari pia. Penye watoto au mifugo, usikinunue. Murraya nayo isipandwe karibu na michungwa wala milimau, kwa kuwa humhifadhi mdudu Diaphorina citri anayeeneza ugonjwa wa kijani wa jamii hiyo ya matunda.

Chochote uchaguacho, omba mche utolewe kwenye chombo. Mizizi inayozunguka ndani kama kamba iliyosokotwa itaendelea kuzunguka hata ardhini. Chagua mche wenye matawi tangu chini, uliojaa majani, hata kama ni mfupi kuliko wenzake.

Shimo liwe na upana mara mbili ya bonge la mizizi, ila kina kilekile. Shina likifukiwa huoza. Tandaza matandazo, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Msimu wa kwanza mwagilia kwa wingi mara chache, badala ya kidogo kila siku, ili mizizi ishuke. Vinavyochanua, vipogoe maua yakiisha. Ukikata uzio, uache chini pawe papana kidogo kuliko juu, la sivyo matawi ya chini yatakosa mwanga na kupukutisha majani.