Kauli ya kutenda au ya kutendwa katika Kiingereza?

Ukiandika "The committee approved the budget", maneno ni 5 na mtendaji yuko mbele. Igeuze iwe "The budget was approved by the committee": maneno 7, na msomaji anasubiri hadi mwisho ndipo amjue aliyeidhinisha. Kwa barua na ripoti, mimi nachagua ya kwanza.

Kutendwa nako kuna mahali pake. Mwizi hajulikani? "My phone was stolen" inatosha kabisa. Hatari yake ni kuficha mhusika. Mwaka 1987 Rais Reagan wa Marekani, akizungumzia kashfa ya kuiuzia Iran silaha, alisema "serious mistakes were made". Nani alikosea? Sentensi haisemi. Kwenye ripoti ya ukaguzi wa fedha, hilo ndilo jina msomaji analolitafuta.