Final Fantasy XVI: afriti yumo, ila Bahamut wametuzingua

Nimeimaliza hii gemu juzi kwenye PS5 (mashine ya gemu ya Sony) ya shemeji hapa Chikongola, Mtwara, na wadau kabla hamjaniuliza mambo ya grafiki (ni kali, tuishie hapo) ngoja niseme kilichonishika mimi, ni yale madude makubwa yanayopigana, wenyewe wanayaita Eikon, maana karibu yote majina yake yametoka kwenye imani na ngano za watu kabisa, ila Square Enix, waliotengeneza gemu, kuna walipochukua jina na mwili wake na kuna walipobeba jina tu.

Walipopatia ni Ifrit, la moto, linalokaa ndani ya Clive ambaye ndo unamchezea. Aliyesoma madrasa Mikindani anamjua huyu, ni yule afriti wa Surat An-Naml aliyemwambia Nabii Suleiman nitakuletea kiti cha enzi cha malkia wa Sabaa kabla hujainuka hapo ulipokaa, akatokea mwenye elimu ya Kitabu akasema mimi kabla hujapepesa jicho, afriti kazi ikampita. Na majini si ndo wameumbwa kwa moto, sasa umuone humo ana pembe, makucha, mwili unawaka, halafu ile vita yake na Titan, Eikon jingine, aliyevimba akawa mlima mzima, aisee nyumba nzima tulisimama.

Sasa njoo kwa Bahamut. Kwenye vitabu vya zamani vya Waarabu huyo ni samaki, samaki mkubwa ajabu, juu yake kuna dume la ng'ombe, juu ya dume kuna jabali, juu ya jabali malaika kabeba dunia. Wamarekani wa Dungeons & Dragons (gemu ya kuigiza ya mezani) wakamfanya joka miaka ya 1970, Final Fantasy ya kwanza ya 1987 nayo ikafata, na mpaka leo ni joka linalomwaga mianga kutoka angani. Linapendeza sikatai, ila mkoa wa wavuvi huu jamani, mngetuachia samaki wetu.

Shiva wa Wahindi ni mungu wa kiume, humu ni mwanamke wa barafu, labda baridi wameitoa mlima Kailash anakokaa. Garuda nae, ndege wa Vishnu, mungu mwingine wa Wahindi, kageuzwa mwanamke mwenye hasira. Basi tu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kitu kidogo. Kuna mfalme Barnabas, mwenye Eikon la Odin (jina la mungu mkuu wa ngano za Skandinavia), na mtumishi wake anaitwa Sleipnir Harbard. Sleipnir ni farasi wa Odin mwenye miguu nane, na Harbard ni jina alilojipa Odin alipojifanya mvushaji akamgomea mwanae Thor, mungu wa radi, kumvusha maji, wakabaki kutukanana tu toka ng'ambo hadi ng'ambo (pale kivukoni Msangamkuu wangeelewana vizuri). Ukishajua hayo majina mawili unaanza kumtilia shaka jamaa mapema, siendelei nisije nikawaharibia.

Mapigano ni ya kasi, aliyeyasimamia ni Ryota Suzuki aliyefanya gemu ya mapigano Devil May Cry 5, na inaonekana. Misheni ndogo ndogo ndo zinachosha, unatumwa kugawia watu chakula kambini, mtu una afriti ndani yako unagawa sahani. Na ni ya 18 kwenda juu, matusi na damu, usiiwashe mama mkwe akiwepo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. PS4 haikubali. Kwenye kompyuta inataka GB 170 na lazima iwe SSD (diski ile ya kasi), kwahiyo anza na demo, kipande cha kuonja, ni ya bure na ukinunua unaendelea pale pale ulipoishia.