Modemu yangu haina kosa: uzoefu wangu na kampuni ya kebo hapa Houston

Kabla hujaniuliza kama nilijaribu kuizima na kuiwasha, nilijaribu. Nilizima, nikawasha, nikachomoa ukutani, nikasubiri kama nilivyoelekezwa, nikachomeka tena. Kazi hiyo niliifanya mpaka mke wangu akauliza kama nalipwa.

Mimi napiga na kuhariri video za harusi na sendofu za Waswahili wa hapa Texas. Kampuni ya kebo, inayoniletea intaneti kwa waya wa televisheni, ilikuwa inanitoza dola 15 kila mwezi, kodi ya modemu yao, kidude ambacho kwa muda niliokaa nacho nimeshakilipia mara kadhaa. Nikanunua yangu, dola 170 hivi, ndani ya mwaka inajilipa. Vipimo vyake mtajisomea kwenye boksi. Ninachotaka mkishike ni kimoja: imo kwenye orodha ya modemu zilizoidhinishwa, kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa jina na namba ya toleo. Kishikeni, maana mbele kidogo kuna dada atazungumza nami kana kwamba nimeiokota jalalani.

Nikaifunga, taa zikawaka, intaneti ikaja. Nikapima kasi, kwa kebo ya LAN moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwa waifai. Waifai ina visingizio vingi: ukuta, jirani, maikrowevu. Nalipia Mbps 500, yaani megabiti 500 kwa sekunde. Ikasoma 117. Usiku wa manane nikapima, 117. Jumapili jioni, mtaa mzima uko kwenye televisheni, 117. Kupakia, yaani kutuma mafaili kwenda mtandaoni, ambako natakiwa nipate 20, nikapata 11.

Mdogo wangu aliyeko Morogoro nilipomsimulia alicheka. "Kaka, mia na kumi na saba unalia nazo? Huku tungefanya sherehe." Ni kweli, nyumba yangu nzima inaishi vizuri na 117. Lakini faili la gigabaiti 60 likipakiwa kwa Mbps 11 ni saa 12, toka magharibi mpaka alfajiri, kama halijakatika njiani. Bibi harusi anapiga simu, mama mkwe anapiga simu, shangazi aliyetoa mchango mkubwa naye anapiga simu. Na bili inasema 500. Nalipia 500.

Sasa, namba kuganda vile ni ushahidi. Waya ukiwa mbovu, kiunganishi kikilegea, splita, kile kidude cha kugawa waya, ikila mawimbi, kasi huyumba: asubuhi hivi, jioni vile, mvua ikinyesha ndiyo basi. Majirani wakiwa wengi kwenye laini moja, hushuka jioni na kupanda usiku. Lakini kasi isiyosogea saa yoyote ni basi lililofungwa spidi gavana, hata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Na gavana wa modemu ya kebo hakai ndani ya modemu. Kila inapowaka, inapakua faili dogo la mipangilio kutoka kwa kampuni, na humo ndimo mmeandikwa mwisho wa kasi yako. Wewe mwenye modemu huna ruhusa ya kuligusa, hata kama umelipa dola 170 taslimu. Kampuni nyingi huongeza kidogo juu ya kifurushi, ili mteja akipima asilalamike, kwa hiyo 117 ilinuka kifurushi cha 100 toka siku ya kwanza.

Nikafanya kazi yao kwa niaba yao. Nikaandika 192.168.100.1 kwenye kivinjari, ukurasa wa modemu ukafunguka. Nguvu ya mawimbi yanayoingia, kati ya -2 na +3 dBmV, na mafundi hutaka isitoke nje ya -7 na +7. Uwiano wa mawimbi na kelele, desibeli 40. Yanayotoka, 42. Makosa yasiyorekebishika, sifuri. Safi. Nikanakili kwenye karatasi, nikapiga simu huduma kwa wateja.

Nikapokelewa na dada mmoja. Jambo la kwanza: "Naona kifaa si chetu." Nikamwambia ni changu, kimo kwenye orodha yenu. Akasema vifaa vya wateja mara nyingi havina uwezo. Nikamwambia hata modemu kuukuu ya DOCSIS 3.0, toleo la zamani la teknolojia ya intaneti ya kebo, yenye chaneli 24, kila chaneli ikibeba Mbps 38 hivi, inafika 900 na ushee. Hii yangu ni 3.1. Akasema nizime na kuwasha. Nikazima, nikawasha. Akasema basi mawimbi yangu ni mabaya. Nikachukua karatasi yangu nikamsomea namba zote, polepole, moja baada ya nyingine.

Kimya. Nasikia kibodi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto wa chekechea: "Samahani, hapo nyumbani kuna mtu anayezungumza Kiingereza vizuri niongee naye?"

Jamani. Fizikia nimefundishwa kwa Kiingereza toka kidato cha kwanza, mawimbi yenyewe nimekutana nayo huko. Bili yao naisoma na kuilipa kwa Kiingereza. Kosa langu ni kutamka "desibeli" kama mtu wa Tanga? Mke wangu, aliyekuwa jikoni akisikiliza kwenye spika, aliacha kukatakata vitunguu akaja kusimama mlangoni na kisu mkononi. Nilimwonyesha ishara atulie, ingawa kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa sijatulia.

Nikamjibu yule dada kuwa mtu huyo ni mimi. Akashusha pumzi, akanipa suluhisho lake: "Ukirudi kwenye modemu yetu, kasi itarudi. Ni dola 15 tu kwa mwezi."

Hapo ndipo nilipoelewa, au niliamua kuelewa, kwamba haya si matatizo ya kiufundi. Huyu anauza. Na kinachoniuma ni kwamba kweli ingerudi! Wangesajili kifaa upya, faili sahihi lingekuja lenyewe, nami ningekuwa nahadithia watu kwamba modemu za kununua hazifai. Wangapi wamezirudisha dukani nzima kabisa kwa mtindo huu?

Nikakata simu, nikaapa kuhama kampuni. Kwenye mtaa wetu kampuni nyingine ya waya haipo, kwa hiyo kiapo kikabaki kiapo.

Usiku mwingine nikapiga tena, saa ambazo watu wenye akili wamelala. Akapokea kijana. Safari hii sikueleza historia. Nikauliza swali moja, na ninyi mkipatwa ulizeni hivyohivyo: "Modemu yangu imepewa faili la kifurushi kipi?" Akaniomba nimsomee anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho iliyo nyuma ya modemu, akachungulia, akacheka kidogo. "Bwana, bili yako inasoma 500 lakini kifaa kimesajiliwa kwenye 100. Hii imetokea ulipoisajili kwa programu yetu ya simu. Samahani sana." Akarekebisha, akaiwasha upya akiwa hukohuko kwake. Nikapima: 586. Kupakia, 23. Hata kahawa niliyokuwa nimechemsha kwa ajili ya vita ilikuwa haijapoa.

Nilifurahi kijinga. Sendofu ya watu wa Dallas iliyokuwa imekwama ikapanda usiku uleule. Nikasema nitaandika maoni mazuri: modemu nyota tano, kampuni nyota nne, yule dada tumsamehe, huenda alikuwa na siku mbaya.

Halafu bili ikaja. Kodi ya modemu, dola 15. Modemu ipi? Yao niliirudisha zamani, risiti ninayo. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwisho wa 2019, ikaanza kutumika Desemba 2020, inakataza kampuni kutoza kodi ya kifaa ambacho haikukupa. Wanaijua kuliko mimi. Kwa hiyo futeni zile nyota nne. Moja, nayo ni ya yule kijana, asigawane na mtu.

Modemu nunueni, nawaambia kabisa, ila kama wewe si mtu wa kubishana kwenye simu, au kazi zako mbili hazikuachii saa ya kubishana, sitakucheka ukiendelea kulipa hizo 15. Kuna usiku hata mimi nilikuwa karibu kuzilipa nilale.

Malalamiko nimeyapeleka FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Fomu iko mtandaoni, haina malipo, na kampuni hupewa siku 30 kujibu. Kwenye kisanduku cha maelezo nimeweka namba ya risiti na tarehe niliyoirudisha modemu yao, kisha nikaongeza sentensi moja kwamba wakipiga simu, Kiingereza hapa nyumbani kipo.