Weusi wa fizi: wa asili au melanoma?

Fizi za wengi wetu Waafrika zina weusi wa kuzaliwa nao. Unatokana na melanini, rangi ile ile ya ngozi. Hukaa sawasawa kushoto na kulia, na fizi zenyewe hubaki imara. Usizisugue kwa chumvi, tafadhali: rangi haitoki, utajiumiza tu.

Melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ni kitu kingine kabisa, ingawa ni nadra. Hupenda kaakaa na fizi za juu. Ni doa jipya la upande mmoja, kingo zimepindapinda kama wino uliomwagika kwenye karatasi, nyeusi ikichanganyika na kahawia, hata kijivu. Mara nyingi haliumi mwanzoni, na hilo ndilo linalonitia hofu. Likitanuka, likivimba au kutoa damu, nenda kwa daktari wa meno akate kinyama kidogo kipimwe maabara.