Sindano mpya au mashine mpya ya santuri?
Santuri za bendi ya Morogoro Jazz alizoniachia baba zimeanza kukwaruza, nami hapa Magomeni napima: nibadili sindano au ninunue mashine mpya? Sindano ni nafuu, na ndiyo inayogusa mifereji ya santuri. Ikichakaa, gitaa la Mbaraka Mwinshehe, nyota wa bendi hiyo, hufifia na santuri yenyewe huliwa, hasara isiyorudishika. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Mashine mpya ina maana pale ya zamani inapoyumba kwenye mizunguko 45 kwa dakika hata baada ya kubadilishwa mkanda, au mkono wake wenye sindano unapokandamiza santuri kwa gramu 5 badala ya 2 hivi. Vumbi la Dar litazifuata zote mbili. Yangu bado inazunguka sawasawa. Kesho naenda Kariakoo kutafuta sindano.