Sinki la kufunga chini ya jiwe: lipi litaingia kwenye kabati lako na kudumu na maji ya Dodoma

Anayejenga Ilazo, Iyumbu au Nzuguni siku hizi, akifika hatua ya jiko huwa ameshalipenda lile sinki linalofungwa chini ya jiwe. Ukingo wake hauonekani, na makombo yanasukumwa kwa kitambaa moja kwa moja hadi ndani. Kwa vumbi letu la kiangazi ni sinki zuri kweli, maana hakuna mdomo wa kushika uchafu. Lakini ndilo linalowasumbua watu kuliko yote likinunuliwa kabla kabati halijapimwa. Sinki la kufunga juu likizidi kidogo, fundi atakwangua hapa na pale litaingia. Hili likizidi sentimita moja halina pa kwenda: juu kuna jiwe, pembeni kuna ubao.

Tazama kwanza kaunta yako. Kama jiko lako ni slabu ya zege iliyopigwa vigae juu na kuta za tofali chini, acha kabisa wazo la sinki la namna hii, nunua la kufunga juu. Kigae kikikatwa huacha ukingo mkali, maungio yake hunyonya maji, na baada ya muda vipande vya pembeni huanza kubanduka. Kaunta ya ubao uliobandikwa fomaika nayo haifai, kwa sababu sehemu iliyokatwa itakunywa maji na kuvimba. Sinki hili linataka graniti, terazo iliyomwagwa vizuri, au jiwe la kiwandani.

Kupima ndiko kwenye kazi yenyewe. Seremala akikwambia kabati ni la sentimita 80, anasema upana wa nje. Mbao za pembeni za milimita 18 kila upande zinakuachia sentimita 76.4 za ndani. Toa tena sentimita moja hadi moja na nusu kila upande, ili klipu (vibano vinavyoshikilia sinki chini ya jiwe) zikae na mkono wa fundi upite kukaza. Kwa hiyo sinki zima, pamoja na ukingo wake, lisizidi sentimita 73 au 74. Kabati la 60 linabeba sinki la kama 53, na la 90 linabeba la 83. Ukisikia fundi anasema "mama, hili litaingia tu, tutapunguza ubao," kataa. Ubao wa pembeni ukikwanguliwa, kabati limepoteza nguvu mahali penye mzigo kuliko pote.

Kutoka mbele kwenda nyuma napo pana hesabu. Kaunta nyingi zina sentimita 60. Baina ya tundu la sinki na ukingo wa mbele, acha jiwe lisilopungua sentimita 6 au 7, kwa kuwa huo mkanda mwembamba ndipo graniti hupasukia, mara nyingi ikiwa bado mikononi mwa wabebaji. Nyuma panatakiwa nafasi ya bomba, ambalo tundu lake ni milimita 35, na mpini wa bomba usigonge ukuta ukiufungua. Ndiyo maana sinki la sentimita 45 kwenda nyuma hukaa vizuri, na la 50 huanza kuleta ugomvi.

Halafu kina. Watu hupenda sinki refu kwenda chini kwa ajili ya masufuria, na ni haki yao. Kumbuka tu kwamba hili linaning'inia chini ya jiwe, hivyo unene wa jiwe unaongezeka kwenye kina. Kaunta ikiwa na kimo cha sentimita 90, jiwe la 2 na bakuli la 23, sakafu ya sinki iko sentimita 65 kutoka chini. Chini yake panahitajika kola ya kutolea maji na ile kona inayozuia harufu. Kama fundi bomba alishaacha mdomo wa bomba la maji machafu ukutani kwenye sentimita 55, maji yatakwama. Pima huo mdomo kabla hujaenda dukani. Ukiwa juu, chagua bakuli la sentimita 18 au 20, au uvunje ukuta mapema kabla ya vigae.

Sasa nayapanga masinki yenyewe, kuanzia ninaloliona bora.

La kwanza, na kwa nyumba nyingi za hapa nisingetafuta jingine, ni bakuli moja la stenlesi daraja la 304, unene wa milimita 1.2 (ndiyo geji 18), upana wa sentimita 70 hivi ndani ya kabati la 80. Sufuria la ugali wa familia linalala lote, sinia linageuzwa bila kumwaga maji sakafuni, na siku ya mgao ndoo ya lita 20 inakaa ndani yake na bado unabaki na nafasi ya kuoshea. Mabakuli mawili hayakupi hilo.

Daraja la 304 nalisisitizia kwa sababu ya maji yetu. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na wengi wana visima vyao majumbani. Ni maji yenye madini. Tazama chokaa ndani ya birika lako. Palipo na chumvi nyingi, stenlesi hafifu hutoboka vidoa vya kutu. Daraja la 304 lina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8. La 201, ambalo ndilo limejaa kwenye masinki ya bei ya chini, limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi. Muuzaji atakutolea sumaku akuoneshe kwamba haishiki. Hiyo haithibitishi, maana hata 201 kwa kawaida haishiki sumaku. Sumaku ikinasa kwa nguvu umejua ni chuma cha chini zaidi. Isiponasa hujajua lolote. Tafuta daraja limegongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye stika peke yake, na liandikwe kwenye risiti. Unene upimwe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pembeni ya tundu la kutolea maji. Na mwombe muuzaji kikombe cha maji ukimwage ndani ya sinki likiwa limelazwa sawa: maji yote yakimbilie tundu. Yakibaki kwenye pembe, chokaa kitabaki hapo maisha yote ya sinki.

La pili ni mtindo huohuo kwa kabati la 60, bakuli la upana wa sentimita 50 hivi. Linafaa nyumba za kupangisha na majiko madogo. Usilipunguzie ubora kwa sababu ni dogo. Mpangaji hulitumia kwa nguvu kuliko mwenye nyumba.

La tatu ni mabakuli mawili yasiyolingana, kubwa na dogo, kwa kabati la 90 au zaidi. Anayeosha upande mmoja na kusuuza upande wa pili atalifurahia. Mabakuli mawili yanayolingana kwenye kabati la 80 siyashauri, maana yote mawili yanakuwa madogo.

La nne ni lile la unga wa mawe uliochanganywa na resini (gundi ya plastiki inayoganda), jeusi mara nyingi. Ni gumu, halina kelele, halikwaruziki kirahisi. Tatizo ni chokaa: kwenye rangi nyeusi kila tone la maji ya kisima linaacha doa jeupe. Ukilitaka, chukua la kijivu au rangi ya mchanga, na seremala aweke mbao za kulibeba kwa chini.

La mwisho ni la kauri. Linapendeza macho, ila ni zito mno, na sufuria zito likiangukia ndani yake linamegeka.

Ufungaji usiachiwe silikoni peke yake. Bakuli la sentimita 65 kwa 40 kwa 20 likijaa linashika karibu lita 50, yaani kilo 50 zinaning'inia chini ya jiwe, bado vyombo. Zitumike klipu za chuma zilizoshikizwa kwenye jiwe kwa gundi ya epoksi, na ikiwezekana reli mbili za mbao ndani ya kabati. Silikoni iachwe siku nzima ikauke kabla ya kumwaga maji.

Mpelekee fundi wa graniti sinki lenyewe, si karatasi ya vipimo wala picha ya simu. Achore tundu kwa kulizungushia kalamu, na mwafikiane mapema bei ya kung'arisha ukingo wa tundu, kwa sababu utaonekana. Plastiki inayofunika stenlesi isitolewe hadi mafundi wote wamalize. Asidi ya kusafishia vigae ikimwagwa sinkini inaharibu ung'aavu kwa dakika chache, na stili waya huacha chembe za chuma ambazo hushika kutu, ukadhani sinki ndilo limeoza. Jiki nayo isilale humo usiku kucha.

Ukiagiza kutoka Kariakoo, hakikisha klipu, kola na kikapu cha tundu vimo ndani ya boksi kabla halijapakiwa. Ni zaidi ya kilomita 400 kurudisha boksi lenye kasoro, na klipu za sinki moja si lazima zikae kwenye ukingo wa jingine.